Aliyeitikia Jina Langu

Mliniacha getini wiki iliyopita, bahasha ya kaki kifuani, moyo unapiga kama mlango wa jirani mwenye hasira. Laiti ningebaki pale pale.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni mjane. Mume wangu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali ya Serikali. Akaugua, akaondoka, akaniacha na binti mmoja na chumba cha watumishi nyuma ya jengo la kufulia. Hospitali ikanionea huruma, ikanipa kibarua cha kufua mashuka ya wodini, na chumba nikaachiwa kwa muda.

Sasa imetoka amri kwamba vibarua wote, mwisho wa mwezi, basi. Anayetaka kubaki aombe ajira ya kudumu na afanyiwe usaili.

Na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amekwisha kusema mbele ya ndugu wote: nikikosa ajira na chumba nimekosa, na nikikosa chumba binti yangu anahamia kwake. "Kulelewa," anasema. Binti wa kwanza aliyelelewa nyumbani kwake siku hizi hajui hata kalamu inashikwaje. Anajua ufagio na masufuria.

Huyo binti yangu ndiye niliyekwenda kumpigania.

Asubuhi ile nilisali, nikamwomba Mungu neno moja tu, nisiachwe nje. Binti yangu akaninyooshea gauni kwa pasi, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mama, ukipata usipige kelele. Njoo polepole tu, nitajua."

"Na nikikosa?"

"Njoo polepole hivyo hivyo. Nitajua."

Msimamizi wetu alikuwa ametuonya tusipite mlango wetu wa nyuma siku hiyo. Tupite geti kuu kama waombaji wengine, na hapo tutaelekezwa. Basi mlinzi akaiona bahasha yangu.

"Usaili?"

"Ndiyo, baba."

"Foleni ile kule."

Nami mtu akivaa sare namtii hata akiniambia nipande ukuta. Nikaenda foleni ile kule.

Ilikuwa foleni ya watu wenye tai. Wasichana wameshika viatu vya kisigino mkononi, wamevaa ndala. Mbele yangu alisimama mwanamume mwenye kipara, viatu vyake vimepigwa rangi mpaka unaweza kujitazama kama umechana vizuri. Wenzake walimwita Mwalimu. Shule yake ilifungwa zamani, na tangu hapo kazi yake ni kuomba kazi.

"Mama, umeomba nafasi gani?" akaniuliza.

"Dobi. Ya hapa hapa."

Msichana mmoja akageuka. "Dobi siku hizi wanataka kidato cha nne, mama. Mimi nina diploma ya hoteli na nimeomba hiyo hiyo."

Watu wakacheka, lakini kile kicheko cha mtu ambaye hajanywa chai.

"Mimi nimeishia la saba," nikasema.

Mwalimu akanitazama vizuri. "Wewe ni mgeni, au ni kibarua wa humu ndani?"

"Kibarua wa humu ndani."

"Basi umepotea, mama yangu. Kuingia serikalini kuna milango mingi. Huu ni wa tangazo. Yeyote anaomba, ila cheti kwanza, halafu mtihani, halafu usaili. Kuna mlango wa kuhamia, huo ni wa aliyekwisha kuajiriwa, anatoka ofisi hii kwenda ile. Kuna wa mkataba, unaonjeshwa, na ukinyang'anywa usilie. Kuna wa kujitolea, unafanya kazi bure mpaka wakuonee haya. Na kuna wa waliomo, ndio wenu nyinyi vibarua. Huo hauulizi cheti. Msimamizi wako anasimama anasema, huyu ni fulani, namjua, kazi anaiweza. Unaweka mkono juu ya kitabu cha dini yako unaapa kwamba ndiye wewe. Unahojiwa, basi."

"Mbona unaijua yote?"

"Nimeigonga yote. Nikisikia tu kitasa najua ni upi unafungwa."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Na mtu akiingia mlango usio wake?"

"Hapo ndipo watu wanapoumia. Jina likiandikwa njia hii, kule linafutwa. Huku ukikosa cheti, kule umeshatoka. Unabaki barabarani." Akatazama kule nyuma ya majengo. "Na huko kwa waliomo wanaita jina mara tatu. Ukikaa kimya wanalikata. Wameanza zamani, mama. Kimbia."

Nikakimbia. Mtu mzima, mjane, gauni limenyooshwa, nimelikunja mpaka magotini, napita katikati ya wagonjwa na wageni wa wagonjwa. Nesi mmoja akapaza sauti, "Nani amefariki?" Nikazidi kukimbia.

Korido ya dobi ilikuwa imejaa. Wenzangu wamepangwa kwenye benchi, kila mmoja amevaa nguo ya sikukuu, wamekaa kimya kama wanasubiri kung'olewa jino. Mlango wa ofisi ukafunguka.

Akatoka Kicheko.

Kicheko ni mwenzangu wa beseni moja. Tunamwita hivyo kwa sababu hata boila likilipuka yeye atacheka kwanza, ndipo akimbie. Wiki yangu ya kwanza pale, nilipokuwa sioni shuka kwa machozi, alifua mafungu yetu yote mawili wala hakunisimanga hata siku moja. Ana mapacha wachanga, na baba yao hajulikani aliko.

"Mama Sala!" Ndivyo wanavyoniita. "Umefufuka! Usiogope, nimekushikia beseni."

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu. Kila asubuhi msimamizi husimama mlangoni akaita majina. Asiyekuwepo hukosa siku yake. Sasa mmoja yuko kliniki na mtoto, mwingine anauguza, mwingine amepatwa na yake. Mwenzake huitikia "Yupo!" na kumfulia fungu lake. Tunaita kushikiana beseni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona kwamba ule ni uongo. Shuka limefuliwa, mgonjwa amelala pasafi. Nani kaibiwa?

"Umenishikia vipi?" nikauliza. 

"Wamekuita mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu mdomo wenyewe ukasema 'Yupo!' Karani akashika mlango, 'Ingia basi.' Ningesema nini, Mama Sala? Nikaingia."

"Umeingia kama mimi?"

"Nimeingia kama wewe. Na umejibu vizuri, shoga yangu, hongera!"

Akacheka. Mimi nikatafuta benchi kwa mkono, kama kipofu.

"Na msimamizi hakukwambia kitu?"

"Hakuwepo. Boila limepasua bomba, wamekuja kumwita mbio. Wakasema waanze kutuhoji tu, akirudi atatutambua na kuapa tutaapa. Sasa sikiliza. Wameniuliza habari za marehemu. Nimelia! Nimemlilia mumeo mpaka mwenyekiti akanipa leso yake."

"Wewe humjui mume wangu."

"Nimemlilia wangu aliyenikimbia. Wao watajuaje?"

Mungu anisamehe, hapo nusura nicheke.

"Wakauliza, umesoma mpaka wapi," akaendelea. "Nikawajibu."

"Ukasema la saba."

Kicheko akakuna shingo.

"Nilikuwa bado nina kwikwi ya kilio. Likatoka langu. Kidato cha nne."

"Kicheko!"

"Ngoja, habari njema iko mbele. Wamefurahi! Mwenyekiti akasema, mtu wa kidato cha nne anafanya nini huku kwa waliomo? Wamekuhamishia njia ya tangazo. Nafasi ya juu zaidi, Mama Sala! Karani ameandika hapo hapo. Kesho wanataka cheti tu."

Niliisikia sauti ya Mwalimu kama amesimama nyuma ya sikio langu. Jina likiandikwa njia hii, kule linafutwa.

Mlango wangu pekee ulikuwa huu, na ulikuwa umefungwa nikiwa kwenye foleni ya wenye tai. Umefungwa na rafiki yangu, kwa kunipenda.

Nikamweleza taratibu. Nilimwona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo mpaka kikaisha. Sikuwahi kuuona uso ule mtupu. Ulikuwa kama nyumba iliyohamwa.

"Naingia kuwaambia," nikasema nikiinuka.

Akanidaka mkono. "Uwaambie nini? Kwamba niliingia kwa jina lako? Mbele ya Serikali, kujifanya mtu mwingine? Hiyo ni jela, Mama Sala. Mapacha wangu nani atawanyonyesha?"

Nikakaa.

"Na wewe jina lako?" nikauliza baadaye.

"Bado halijaitwa."

Tukatazamana. Sote wawili tuliliona kwa wakati mmoja.

"Ukiingia tena," nikasema, "wataona ni yule yule aliyeingia kwa jina langu."

Akaanza kutetemeka. Huyu mtu aliyewahi kumcheka nyoka aliyetoka kwenye fungu la mashuka alikuwa anatetemeka mpaka benchi likalia. Halafu akanisogelea, mdomo kwenye sikio langu.

"Ingia wewe. Kama mimi. Jina langu bado liko kwa waliomo, mlango wake bado uko wazi. Ichukue nafasi, iwe yako, usinipe chochote. Mimi nitajua pa kwenda."

"Niishi kwa jina lako maisha yangu yote? Nikifa mtamzika nani?"

"Tutamzika nani, sijui. Ila binti yako atakuwa shuleni."

Alijua pa kunishika.

Hapo ukasikika mlio wa viatu vya mpira kwenye sakafu, na korido nzima ikakaa wima. Alikuwa Pasi.

Pasi ni msimamizi wetu. Tumempa jina hilo kwa sababu hana kunjo hata moja, na akikupitia lazima ulale bapa. Amebakiza kidogo astaafu. Siku hiyo mikono ya koti lake ilikuwa inachuruzika maji ya boila. Alipotufikia alipunguza mwendo. Akamtazama Kicheko, macho yake mekundu kwa kilio cha uongo. Akanitazama mimi na jasho langu.  Akaingia ofisini.

Karani akatoa kichwa mlangoni. Akaita jina la Kicheko.

Kimya.

Kicheko alikuwa amenishika vidole, anavikamua kama shuka zito.

"Hawa wanaitaka kazi au hawaitaki?" karani akanung'unika. Akaita tena.

Wenzetu wakaanza kugeuka kututazama. Bibi mmoja mwishoni mwa benchi akasema, "Jamani, si yuko hapo?"

Nikamfikiria binti yangu dirishani, anasikiliza hatua zangu. Nitakujaje polepole na jambo kama hili?

Karani akaita mara ya tatu.

"Yupo," sauti ikasema. Ilikuwa yangu.

Siwezi kuwaeleza nilivyofika mlangoni. 

Ndani kulikuwa na meza ndefu, bilauri ya maji na feni inayogonga. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, mpole wa sura, leso yake imelowa mezani. Karani akakaa na kalamu. Pasi amesimama pembeni, mikono nyuma. Nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye koti lake.

"Karibu, mama. Keti. Mbona unatetemeka? Hatung'ati."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akamgeukia Pasi. "Msimamizi, hawa wa njia ya waliomo hawana faili, faili lao ni wewe. Huyu ndiye?" Akataja jina la Kicheko.

Pasi akanitazama. Nimefanya kazi chini ya macho yale tangu nilipovua nguo za msiba, na sikuwahi kutazamwa hivyo. Nikangoja neno. Nilitamani aseme siye. Nilitamani aniumbue, yaishe, wala isiwe mimi niliyechagua.

"Ndiye," Pasi akasema.

Kumbe alikuwa anajua. Asubuhi zote zile, kila tulipoitikiana, alikuwa anajua sauti ipi ni ya nani, na alikuwa anainamisha macho. Mwanamke tuliyemwita Pasi alikuwa anatushikia beseni sote. Na sasa alikuwa ametia mkono wake kwenye maji yale yale, mbele ya Serikali, kwa neno moja ambalo halirudi.

"Vizuri," mwenyekiti akasema. "Karani, muapishe, tuendelee."

Karani alikuwa na vitabu viwili vya Mungu pembeni ya bilauri. "Kipi chako, mama?"

Nikaonyesha. Akanisogezea.

"Mkono wa kulia juu ya kitabu. Useme: Mimi, unataja jina lako kamili, naapa mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba mimi ndiye niliyeitwa."

Kuitikia "Yupo" mlangoni kwa dobi nimeitikia sana, na usingizi nimelala. Lakini kitabu kama kile ndicho nilichofungua asubuhi ile, na asubuhi zote, tangu kitanda kiwe kikubwa kwangu. Nimekishika nikimzika mume wangu. Ndicho kitu pekee ndani ya chumba changu ambacho shemeji hawezi kukidai.

Nikaweka mkono. Jalada lilikuwa baridi.

Nilimwona Pasi kwa pembe ya jicho. Midomo yake haikucheza, lakini macho yalikuwa yanasema, maliza, mwanamke, maliza utoke.

Nikamwona binti yangu na masufuria ya shemeji. Nikawaona mapacha wa Kicheko wanalia mikononi mwa mtu wasiyemjua. Nikasema moyoni, Mungu wangu, nipitishe hapa halafu nitakulipa maisha yangu yote. Na papo hapo nikaona haya, kwa sababu nilikuwa namwomba anisaidie kumdanganya yeye mwenyewe.

"Mimi," nikasema.

"Enhe," mwenyekiti akanitia moyo. "Mimi, nani?"

 Feni ikagonga. Jina la Kicheko lilikuwa hapo kwenye ulimi, nimeliandaa kabisa, nimelishika kwa meno.

Nikafungua mdomo. Likatoka langu. Jina langu kamili, la baba na la babu.

Kalamu ya karani ikasimama.

"Hapana," akasema. "Huyo tumeshamhoji. Si yule aliyelia? Wa kidato cha nne? Tumemhamishia tangazo."

"Mimi nimeishia la saba," nikasema. Sauti yangu sikuitambua.

Mwenyekiti akavua miwani. Upole ulimtoka usoni bila haraka, kama mtu anayevua koti. Na hakunitazama mimi. Alimtazama Pasi.

"Msimamizi. Umesema huyu ni nani?"

Maji yakadondoka.  Pasi alikuwa amenikazia macho, na ndani yake hamkuwa na hasira. Laiti ingekuwa hasira. Ilikuwa ni hofu, hofu ya mtu aliyebakiza kidogo apumzike.

Nilidhani nimesema kweli nikajiokoa. Kumbe nimewavuta wawili nyuma yangu.

Nikataka kuinua mkono.

"Usiutoe," mwenyekiti akasema. "Uache hapo hapo. Karani, mwambie mlinzi afunge korido, asitoke hata mmoja." Akaegemea meza, uso wake karibu na wangu. "Umeanza kuapa, mama, sasa maliza. Kwa kiapo hicho hicho, nani aliingia humu kwa jina lako?"

Karani akafungua mlango kidogo kumwita mlinzi. Kwenye ule upenyo nikaisikia sauti ndogo ya Kicheko, anawauliza wenzake kwenye benchi, "Mbona amekaa sana? Mnadhani amepata?"